Viungo, kinga na umri: kwa nini jibu la "ni uzee tu" halitoshi

Baridi ikianza kukaza mwezi Juni, kuanzia Makete na Njombe hadi Mufindi na milima ya Uporoto, wenye maumivu ya viungo huongezeka kwenye mabenchi ya zahanati. Anayeuliza chanzo hupewa jibu moja kati ya mawili. Akiwa na miaka 30 anaambiwa ni baridi. Akivuka 60 anaambiwa ni uzee, uteute wa magoti umekwisha, akanunue diklofenaki na dawa ya kuchua. Kila jibu lina ukweli kidogo, na ukweli huo kidogo ndio unaowachelewesha watu hospitali kwa miaka.

Baridi tuimalize haraka. Inakaza misuli, inabana mishipa midogo ya damu na kuufanya ute wa kwenye maungio uwe mzito, kwa hiyo mwenye ugonjwa tayari atausikia zaidi alfajiri ya Julai. Wapo pia ambao vidole hupauka ghafla vikiguswa na maji ya baridi, kisha vikageuka bluu, kisha vikauma damu inaporudi. Hali hiyo ikianza ukubwani, hasa ikiambatana na ngozi ya vidole kukakamaa, inahitaji daktari, maana inaweza kuwa mwanzo wa lupasi (kinga kushambulia ngozi, viungo na figo) au skleroderma (kinga kuifanya ngozi ikakamae). Lakini baridi haianzishi ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili. Rumatoidi (kinga kushambulia maungio) na lupasi zipo Dar es Salaam na Tanga kwenye joto kama zilivyo Njombe.

Umri ndio wenye maelezo marefu.

Umri wa kadi na umri wa mwili

Wazee wawili wa miaka 65, mmoja anapanda vilima vya Tukuyu na debe la parachichi begani, mwingine hainuki kwenye kigoda mpaka ashikwe mkono, wana umri mmoja kwenye kadi ya NIDA. Miili yao haijazeeka sawa, na tofauti hiyo ina alama zinazopimika ndani ya seli.

Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zikikuzwa maabara hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi, kisha husimama. Sehemu ya sababu ilikuja kueleweka baadaye: ncha za kromosomu, ziitwazo telomea, hufupika kila seli inapogawanyika. Kazi ya kuzifafanua telomea na kimeng'enya kinachozirefusha iliwapa Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak Tuzo ya Nobel ya mwaka 2009. Mwaka 2013 Steve Horvath alichapisha njia ya kukadiria umri wa mwili kwa kusoma alama za kemikali zilizo juu ya DNA. Hivyo ni vipimo vya utafiti. Anayevitangaza mtandaoni kama huduma ya tiba anakuuzia namba ambayo daktari wako hana la kuifanyia.

Kwa mwenye viungo, jambo zito zaidi ni tabia ya seli zilizokwisha kusimama. Nyingi hazifi. Hubaki kwenye gegedu (mfupa laini wa kwenye maungio), kwenye mafuta ya tumbo na kwenye kuta za mishipa zikimwaga kemikali za mchochota, zikiwemo IL-6 na TNF. Mchochota ni ile hali ya mwili kupambana: sehemu inapata joto, inavimba, inauma, na kwa ngozi nyeupe inaonekana nyekundu (kwa ngozi zetu wekundu huo mara nyingi hauonekani, kwa hiyo mkono wa mpimaji una kazi kubwa kuliko jicho lake). Mwaka 2000 Claudio Franceschi wa Italia na wenzake walieleza kwamba uzee huja na mchochota wa chini kwa chini, mwili mzima, bila kidonda wala kijidudu. Sasa linganisha: IL-6 na TNF ndizo hasa zinazojaa ndani ya goti la mgonjwa wa rumatoidi, na dawa ghali za kisasa za ugonjwa huo zimetengenezwa kuzizuia. Uzee na ugonjwa vinatumia kemikali moja.

Kinga inapodhoofika huku ikishambulia

Watu wengi hukwama hapa. Tunajua kinga ya mzee ni dhaifu. Nimonia inamlaza upesi, mkanda wa jeshi unamtokea mgongoni. Kinga hiyohiyo dhaifu inapata wapi nguvu ya kushambulia viungo vya mwenyewe?

Jibu linaanzia nyuma ya mfupa wa kidari, kwenye tezi iitwayo thaimasi. Ni kama kambi ya mgambo: seli changa aina ya T huingia humo, hufunzwa kutofautisha wenyeji na wageni, na zinazoonyesha dalili ya kuwapiga wenyeji huondolewa kabla ya kukabidhiwa silaha. Tatizo ni kwamba kambi huanza kufungwa mapema. Thaimasi hunywea kuanzia balehe, na kufikia miaka ya 50 sehemu yake kubwa imegeuka mafuta. Tangu hapo mwili hauingizi seli T mpya za kutosha. Unazizidisha zilizopo kwa kuzigawanya tena na tena.

Kugawanya huko kuna gharama mbili. Kwanza, aina za seli zinapungua. Zile zilizowahi kukutana na kijidudu fulani huzaliana na kujaza nafasi, na mgeni mpya akija hakuna anayemtambua. Pili, zinazobaki hubadilika tabia. Seli T ya kawaida huhitaji ishara mbili ili iwake: imwone adui, halafu ipate idhini kupitia kipokezi kiitwacho CD28. Seli T iliyozeeka hupoteza CD28. Huwaka bila kungoja idhini hiyo, hutoa kemikali za mchochota kwa wingi, na ni ngumu kufa. Seli za namna hiyo ni nyingi kwa wazee wenye afya, na ni nyingi kupita kiasi kwa baadhi ya wagonjwa wa rumatoidi, hata vijana. Mwaka 2000 kundi la Cornelia Weyand na Jörg Goronzy lilichapisha matokeo kwamba seli T za wagonjwa wa rumatoidi zina telomea fupi na alama chache za kutoka thaimasi kuliko za watu wazima wa rika lao. Kwa damu yao, walikuwa wamezeeka kabla ya wakati.

Seli B nazo, zinazotengeneza antibodi (protini za kupambana na vijidudu), zina kundi linaloongezeka kadiri umri unavyosonga. Lilielezwa mwaka 2011 kwa panya wazee, na kundi la aina hiyo limeonekana kuongezeka kwa wagonjwa wa lupasi. Hupenda kutengeneza antibodi dhidi ya mwili wenyewe. Upande wa breki zipo seli T za udhibiti, zilizofafanuliwa na Shimon Sakaguchi mwaka 1995. Yeye, Mary Brunkow na Fred Ramsdell walipata Nobel ya mwaka 2025 kwa kazi hiyo. Breki zikilegea, mashambulizi yaliyoanza hayapati wa kuyazima.

Kwa hiyo udhaifu na ushambuliaji vinatoka kwenye shina moja: kinga iliyozeeka inakosea shabaha na haijui kuacha.

Umri peke yake hauelezi kila kitu

Kama uzee ungekuwa ndio chanzo chote, lupasi ingekuwa ugonjwa wa bibi. Sivyo. Huanza zaidi kati ya miaka 15 na 45, na kwa kila wagonjwa 10, kama 9 ni wanawake. Hapo jeni, homoni na kromosomu X vina uzito kuliko miaka. Rumatoidi huanza mara nyingi kati ya miaka 30 na 60, wanawake wakiwa mara 2 hadi 3 ya wanaume. Ikianza baada ya 60 huwa na sura nyingine: inaingia kwa kasi, inapenda mabega, wanaume wanakaribia wanawake kwa idadi, na kipimo cha damu cha rumatoidi mara nyingi hakionyeshi kitu. Mzee wa namna hiyo ndiye anayeambiwa "bega limeganda".

Upande wa pili kuna magonjwa ambayo kabla ya miaka 50 karibu hayapo: polimialjia, inayokaza mabega na nyonga asubuhi hadi mtu ashindwe kujifunika blanketi, na mchochota wa mishipa ya kichwa, unaoleta maumivu ya upande wa kichwa karibu na sikio, taya kuuma wakati wa kutafuna na hatari ya upofu. Ni nadra zaidi kwa Waafrika kuliko kwa watu wa Ulaya ya kaskazini, lakini mzee anayepoteza kuona ghafla huku akiumwa kichwa hapaswi kungoja wiki. Anahitaji steroidi, dawa kali za kuzima mchochota, siku hiyohiyo.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa umri kuzalisha ugonjwa ulielezwa mwaka 2020 na ukapewa jina VEXAS. Wagonjwa wake karibu wote ni wanaume waliovuka 50: homa, gegedu za masikio na pua kuvimba, vipele, upungufu wa damu. Chanzo ni hitilafu kwenye jeni moja, UBA1, iliyoko kwenye kromosomu X. Hawakuzaliwa nayo na hawawarithishi watoto. Imetokea uboho ukiwa unatengeneza damu, seli moja ikakosea kunakili, kisha wazao wake wakajaa.

Vumbi la Chunya na moshi wa sigara

Yapo mambo yanayoizeesha kinga haraka na kuichokoza kwa pamoja, na moja liko mlangoni kwetu. Mwamba wenye dhahabu mara nyingi ni wa kwatzi, yaani silika. Ukitobolewa na kusagwa mkavu, hutoa vumbi laini lisiloonekana kwa macho, linalofika ndani kabisa ya mapafu na kubaki humo. Seli za kinga hulimeza, hushindwa kuliyeyusha, hupasuka, na zoezi linaanza upya kwa miaka. Mwaka 1953 Caplan alieleza rumatoidi iliyoambatana na vinundu vya mapafu kwa wachimba makaa wa Wales, na mwaka 1957 Erasmus akaeleza skleroderma kwa wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini. Vumbi hilo pia hufungulia mlango kifua kikuu. Mchimbaji wa Chunya au wa kituo chochote cha kusaga mawe ajue kwamba leso puani haizuii chembe za silika. Kinachosaidia kweli ni kutoboa na kusaga kwa maji, na barakoa ya kuchuja vumbi laini inayokaa sawasawa usoni.

Sigara iko kundi hilohilo. Kwenye mapafu ya mvutaji protini hubadilishwa umbo, na mwenye jeni za hatari huanza kuzitengenezea antibodi miaka kadhaa kabla ya kidole cha kwanza kuvimba. Ufizi wenye ugonjwa wa muda mrefu nao umehusishwa na rumatoidi, kwa hiyo ukikosa pa kuanzia, anzia na mswaki.

Virusi vinastahili mstari wao. Njombe imekuwa ikiongoza nchini kwa VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulipata asilimia 11.4 ya watu wazima. Dawa za kufubaza virusi zimewafikisha wengi uzeeni, na hilo ni jema, ila kinga iliyopigana na virusi kwa miaka 20 hujaa zile seli T zisizo na CD28 hata virusi vikiwa havionekani kwenye kipimo. Anayeishi na VVU akiwa na miaka 50 akapata viungo kuvimba, asipewe jibu la "ni dawa tu".

Ugonjwa nao unazeesha

Mchochota usiotibiwa unaziharakisha saa za mwili. Rumatoidi huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo kwa kiasi cha mara 1.5 ukilinganisha na mtu wa rika moja asiye nayo. Kwa lupasi ni zaidi: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997 uliona wanawake wa miaka 35 hadi 44 wenye lupasi wakipata shambulio la moyo zaidi ya mara 50 ya wenzao. Mifupa hupungua uzito, misuli ya paja hunywea, upungufu wa damu hukaa. Mama wa miaka 45 anaweza kuwa na moyo na nyonga za mtu wa 60. Ndiyo maana shinikizo la damu, sukari na lehemu vipimwe kwa mgonjwa wa viungo hata kama amekuja kwa ajili ya vidole tu.

Kutofautisha bila mashine

Goti lililosagika kwa umri na goti linaloshambuliwa na kinga yanaweza kuuma sawa. Yanatofautiana kwa saa na kwa mguso.

Uliza kwanza: ukiamka, mwili unakaza kwa muda gani? Kusagika hukaza kwa dakika chache, kwa kawaida chini ya 30, kisha huuma zaidi jioni baada ya kazi. Ugonjwa wa kinga hukaza zaidi ya dakika 30, mara nyingi saa nzima na kuendelea, na hulegea kadiri mtu anavyojishughulisha. Anayeshindwa kufunga vifungo vya shati saa 12 asubuhi lakini saa 4 anapalilia bila shida, huyo si wa kuambiwa uteute umekwisha.

Kisha shika. Weka mkono wa mgonjwa kwenye kiganja chako, ubane mikono yake kwa upande, pale vidole vinapoanzia kwenye kiganja, kwa nguvu ya kusalimiana. Fanya hivyo pia kwenye nyayo, nyuma ya vidole. Akiruka kwa maumivu pande zote mbili, kulia na kushoto, na vifundo vikiwa laini kama vimejaa maji, fikiria rumatoidi. Kusagika hukaa zaidi kwenye magoti, nyonga, shina la dole gumba na vifundo vya karibu na kucha, na uvimbe wake ni mgumu kama mfupa.

Kidole gumba cha mguu kilichoamka usiku kikiwa moto hadi shuka lisikiguse ni jongo (gauti) mpaka ithibitike vinginevyo. Nalo lina umri ndani yake: figo za mzee hutoa asidi ya yuriki polepole, dawa za presha zinazokojoza huizuia zaidi, na kwa mwanamke jongo kabla ya kukoma hedhi ni nadra. Kitimoto na bia za mwisho wa wiki hukamilisha.

Halafu kuna yanayojifanya. Maziwa mabichi huleta bruselosisi: homa inayopanda na kushuka, jasho usiku, kiuno na nyonga kuuma. Chemsha maziwa mpaka yachemke kweli. Kifua kikuu hupenda uti wa mgongo na nyonga. Na kiungo kimoja kilichovimba ghafla pamoja na homa kinaweza kuwa na usaha ndani. Huyo aende hospitali siku hiyohiyo, maana gegedu huharibika ndani ya siku chache.

Vipimo vinavyodanganya kwa sababu ya umri

Kosa linalojirudia kwenye maabara za mitaani ni kipimo cha RF, kinachotafuta antibodi ya rumatoidi kwenye damu. Kikisoma chanya, mgonjwa huandikiwa "baridi yabisi" na maisha yanabadilika. RF huwa chanya pia kwa wazee wasio na ugonjwa wowote, na kwa wenye kifua kikuu, ukoma, homa ya ini na maambukizi mengine ya muda mrefu. Kinyume chake, mgonjwa wa kweli anaweza kuwa hasi, hasa mwanzoni. RF bila kiungo kilichovimba haina maana ya tiba. Kipimo cha anti-CCP, antibodi nyingine ya rumatoidi, ni makini zaidi, kikipatikana, kifanyike.

ESR, kipimo cha damu kinachoonyesha mchochota, nayo hupanda na miaka. Kanuni ya haraka: kwa mwanamume gawa umri kwa 2, kwa mwanamke jumlisha 10 kwenye umri, kisha gawa kwa 2. Bibi wa miaka 72 mwenye ESR ya 38 yuko ndani ya kawaida, kwa sababu kikomo chake ni 41. Binti wa miaka 24 mwenye namba hiyohiyo ana jambo la kutafutwa. Upungufu wa damu pia huipandisha. Na asidi ya yuriki inaweza kusoma kawaida wakati jongo limewaka, kwa hiyo ipimwe tena wiki 2 baadaye.

Dawa kwenye mwili wenye umri

Methotreksati ndiyo nguzo ya tiba ya rumatoidi, ni ya bei nafuu, na ndiyo inayoua ikitumiwa vibaya. Humezwa mara MOJA KWA WIKI. Kidonge cha kawaida ni miligramu 2.5, daktari huanza na 7.5 hadi 15, yaani vidonge 3 hadi 6, siku moja iliyochaguliwa, tuseme Jumatatu. Asidi ya foliki miligramu 5 huliwa siku nyingine, tuseme Alhamisi. Mtu akiimeza kila siku, uboho unasimama: vidonda mdomoni, homa, fizi kutoka damu. Siku iandikwe kwenye pakiti kwa neno, na ndugu mmoja nyumbani aijue.

Dawa hii hutolewa na figo, na figo hupungua nguvu kwa umri hata kama kreatinini (kipimo cha figo) inasoma vizuri, kwa kuwa mzee ana misuli michache ya kuizalisha. Ndiyo maana dozi ya mzee huanza chini. Picha kamili ya damu, ini na kreatinini hupimwa kabla ya kuanza, kisha kila wiki 2 hadi 4 mwanzoni, baadaye kila miezi 3. Ulanzi, pombe ya mwanzi, na methotreksati haviendi pamoja. Haitumiwi kwenye ujauzito.

Hatari inayopita chini ya meza ni septrini, dawa ya kuua bakteria. Septrini na methotreksati hugonga njia moja, ile ya foliki, na kwa pamoja zinaweza kuzima uboho hata kwa dozi za kawaida. Mgonjwa anayekunywa methotreksati akienda duka la dawa na UTI, aseme wazi. Anayekunywa septrini kila siku kwa sababu ya VVU amwambie daktari kabla ya kuandikiwa.

Prednisoloni, moja ya steroidi, ina historia ya kufurahisha haraka. Mwaka 1948 Philip Hench wa Mayo Clinic alimdunga mgonjwa wa rumatoidi kotisoni, steroidi ya kundi hilohilo, aliyekuwa hawezi kutembea akatembea, na Nobel ikaja mwaka 1950. Madhara yakafuata nyuma. Kwa mzee hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa na huamsha kifua kikuu kilicholala. Minyoo aina ya strongiloidi, inayoingia kwa kukanyaga udongo pekupeku, inaweza kusambaa mwili mzima mgonjwa akianzishiwa steroidi. Ni busara kutibiwa kabla. Aliyeinywa zaidi ya wiki 3 asiache ghafla, hupunguzwa kidogokidogo. Ikizidi miezi 3, mifupa ilindwe kwa kalsiamu na vitamini D. Maziwa na usipa wa Kyela ulioliwa na miiba yake husaidia upande wa kalsiamu. Ukipewa dawa ya "miti shamba" inayoondoa maumivu yote kwa usiku mmoja, kisha uso ukaanza kuvimba kuwa duara, shuku steroidi iliyochanganywa kwa siri. Jambo hilo limeshakutwa sehemu nyingi duniani.

Diklofenaki ya kila siku kwa mtu wa miaka 70 hubana figo, hupandisha presha na hutoboa tumbo bila onyo. Itumike kwa siku chache, na si pamoja na dawa za presha za kukojoza bila daktari kujua. Haidroksiklorokwini, dawa nyingine ya lupasi na rumatoidi, ni pole zaidi, mradi dozi isizidi miligramu 5 kwa kilo ya uzito kwa siku: mama wa kilo 50 hatakiwi kuzidi 250, na vidonge 2 vya 200 kila siku vinamzidi. Macho yakaguliwe mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka 5. Mwenye figo dhaifu, mapema zaidi.

Je, umri wa mwili unarudishwa nyuma?

Dawa za kuondoa seli zee zimejaribiwa kwenye magoti yaliyosagika. Matokeo ya jaribio moja la sindano ya goti, yaliyotolewa mwaka 2020, hayakuizidi sindano bandia. Utafiti unaendelea, lakini vidonge vinavyouzwa leo kwa jina la kuondoa uzee havina cha kuonyesha.

Kinachofanya kazi hakina mvuto. Kuacha sigara. Kupunguza uzito: kila kilo 1 inayopungua huliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. Kujenga misuli ya paja: kaa kwenye kiti imara, simama bila kutumia mikono, kaa polepole, mara 10, pumzika, rudia mara 2, siku 3 kwa wiki au zaidi. Maumivu yanayotulia ndani ya saa moja au mbili yanavumilika; goti likivimba kesho yake, punguza. Kwenye vilima vyetu kushuka huumiza goti kuliko kupanda, kwa hiyo fimbo ishikwe wakati wa kushuka, na ishikwe mkono wa UPANDE WA PILI wa goti bovu. Urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono ukiwa umening'inia.

Anayekwenda kumwona bingwa wa magonjwa ya ndani, iwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au hospitali ya Ikonda, Makete, abebe pakiti zote za dawa, za mitishamba zikiwemo, na majibu ya zamani ya maabara. Uvimbe una tabia ya kujificha siku ya kliniki, baada ya saa 3 za basi na joto la mchana. Basi mwambie mjukuu apige picha ya mikono yote miwili kwa simu, mara tu baada ya kuamka, karibu na dirisha, na aandike pembeni vidole vimechukua dakika ngapi kufunguka.